Maswali ya Wasomaji: Roboti Inapotua Juu ya Mwamba wa Sayari Nyingine

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu vyombo vinavyozunguka sayari ya Mirihi na kupiga picha zake imetuletea barua nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Zilizo nyingi zimetoka Goma, na wala sishangai, kwa sababu watu waliojenga nyumba zao juu ya lava, tena kwa mawe ya lava hiyohiyo, wana haki ya kuuliza maswali makali kuhusu miamba. Nimechagua barua zinazogusa jambo moja, yaani faida ya kisayansi ya kuteremsha roboti juu ya sayari zenye uso wa miamba, na zile zilizofanana nimezijibu pamoja.

Bwana Mwandishi, salamu nyingi kutoka Katindo. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo nami sikuweza kulijibu kwa uhakika: ikiwa setilaiti inaizunguka sayari nzima na kupiga picha za kila bonde na kila mlima, kwa nini watu watumie fedha nyingi kuteremsha roboti ambayo itaona eneo dogo tu? — Mwalimu, Katindo, Goma

Mwalimu, wanafunzi wako wanastahili pongezi, na jibu la haki lazima lianze kwa kukubali sehemu ya hoja yao. Setilaiti ndiyo inayotupa ramani, na bila ramani hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angethubutu kuteremsha chombo popote. Kamera kali kuliko zote zinazoizunguka Mirihi, iliyo ndani ya chombo kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter, imekuwa ikifanya kazi huko tangu mwaka 2006, na kutoka umbali wa takriban kilomita 300 inaweza kuonyesha kitu chenye upana wa mita moja hivi. Hiyo ni kazi kubwa. Hata hivyo, habari nyingi za mwamba zimo katika mambo madogo kuliko mita: ukubwa wa chembe zake, mpangilio wa tabaka zake, aina ya madini yaliyojaza nyufa zake.

Chukua mfano wa roboti Opportunity, iliyotua Mirihi mwezi Januari 2004. Chombo kilichokuwa kikiizunguka sayari hiyo kilikuwa kimekwisha kutambua kwamba katika uwanda uitwao Meridiani kuna hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi hujitengeneza penye maji, ingawa yanaweza pia kutokea bila maji. Kutoka juu swali hilo lisingeamuliwa hata kwa miaka mia. Roboti ilipotua, ilikuta hematiti hiyo imo katika vidonge vya mviringo vyenye upana wa milimita chache tu, vilivyopachikwa ndani ya mwamba wa tabaka nyembamba, na mwamba wenyewe umejaa chumvi za salfeti. Kifaa kimoja kilichotengenezwa Ujerumani kilitambua humo jarositi, madini ambayo yana maji ndani ya muundo wake na ambayo hujitengeneza katika maji yenye asidi. Baadhi ya tabaka zilikuwa zimepinda kwa namna ambayo mchanga hupinda unapobebwa na maji yanayotiririka. Kwa hiyo iliwezekana kusema kwa uhakika kwamba maji yalipita hapo, kwamba yalikuwa na chumvi na asidi, na kwamba wakati mwingine yalikuwa juu ya ardhi na wakati mwingine chini yake. Setilaiti ilisema tu: «tazameni hapo».

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hilo la kwanza, ni umri. Mkazi yeyote wa Goma anaweza kumwonyesha mgeni lava ya mwaka 2002, iliyofunika sehemu ya uwanja wa ndege na kupita katikati ya mji hadi ziwani, na akamwonyesha pia ile ya 2021 iliyosimama upande wa Buhene. Tunaijua miaka hiyo kwa sababu tulikuwepo. Katika sayari nyingine hakukuwa na shahidi. Wanasayansi wanaweza kuona kutoka juu kwamba lava hii imepita juu ya ile, hivyo ni changa zaidi, na wanaweza kuhesabu mashimo yaliyochimbwa na vimondo, kwa kuwa uso uliokaa muda mrefu hupigwa mara nyingi. Lakini idadi ya mashimo haigeuki kuwa miaka yenyewe. Ilibidi kwanza kupata mawe kutoka mahali panapojulikana, kuyapima umri katika maabara, kisha kulinganisha umri huo na mashimo ya mahali yalipotoka. Mawe hayo yalitoka Mwezini, kwa safari za Apollo za Marekani na za roboti Luna za Umoja wa Kisovyeti, na ndiyo msingi wa karibu kila umri unaousoma kuhusu nyuso za Mirihi, Utaridi na Zuhura. Msingi huo ulikuwa na pengo kubwa kwa miaka ya kati. Mwezi Desemba 2020 roboti ya China, Chang'e 5, ilileta gramu 1,731 za udongo na mawe kutoka sehemu changa ya Mwezi, na lava yake ikaonekana kuwa na umri wa takriban miaka bilioni 2. Kutua mara moja mahali padogo kumesaidia kusahihisha kalenda ya sayari kadhaa.

Juu ya Mirihi yenyewe, roboti Curiosity ilifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika katika sayari nyingine: ilitoboa mwamba, ikaupasha joto unga wake, ikapima potasiamu na gesi ya agoni inayozaliwa humo taratibu kutokana na potasiamu hiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba chembe zinazounda mwamba huo zina umri wa takriban miaka bilioni 4.2. Upungufu wa kipimo hicho ni mkubwa, karibu miaka milioni 350 huku na huku, lakini ni kipimo kilichofanywa palepale kwenye mwamba.

Waambie pia wanafunzi wako habari hii, ambayo naipenda sana. Mwaka 1976 roboti mbili za Viking zilitua Mirihi na kupima gesi za angahewa yake kwa usahihi. Miaka michache baadaye, kimondo kilichookotwa kwenye barafu ya Antaktika kilikutwa na mapovu ya gesi yaliyonaswa ndani ya kioo chake, na mwaka 1983 wanasayansi walichapisha kwamba gesi hiyo inafanana na ile iliyopimwa na Viking. Tangu hapo tumejua kwamba vipande vya Mirihi viko hapa Duniani. Mawe hayo yalikuwa yamelala kwenye barafu muda wote, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha yalikotoka mpaka pale roboti ilipokwenda kuonja hewa ya huko.

Mwalimu mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naishi Himbi. Nilikuwa hapa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, nyufa zikaonekana barabarani, na tukaambiwa tuhame. Nimesoma kwamba kuna roboti iliyopeleka kipima tetemeko Mirihi. Je, Mirihi nayo inatetemeka? Na tetemeko la mahali pasipo na watu lina faida gani kwa elimu? — Mwanafunzi, Himbi, Goma

Ndugu mwanafunzi, swali lako linagusa kazi ambayo naihesabu kuwa ya thamani kuliko zote zilizowahi kufanywa na chombo kilichotua, hivyo utaniwia radhi nikilijibu kwa urefu.

Katika siku zile unazozikumbuka, setilaiti za rada zilionyesha kwamba ardhi ya mji ilikuwa imesogea na kupasuka, na vipima tetemeko vilivyotegwa kwenye mwamba vikaonyesha matetemeko yakisogea kusini, chini ya Goma na kuelekea Ziwa Kivu. Kwa kuunganisha ushahidi wa aina hizo mbili, wataalamu waliweza kueleza kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imepenya chini ya mji na chini ya ziwa bila kutoka juu. Kipima tetemeko kinafanya kazi kwa sababu kimekaa juu ya ardhi na kinatikisika pamoja nayo. Kutoka angani huwezi kuhisi mtikisiko mdogo wa ndani ya sayari, hata kamera yako iwe kali namna gani.

Viking ilijaribu mwaka 1976. Chombo cha kwanza hakikuweza kufungua kipima tetemeko chake, na cha pili kilikuwa na kifaa hicho juu ya mgongo wa roboti, hivyo kilirekodi zaidi upepo uliokuwa ukiitikisa roboti yenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kurudi na kufanya kazi hiyo inavyopaswa. Tarehe 26 Novemba 2018 chombo InSight kilitua katika uwanda wa Elysium. Baada ya kuchunguza kwa wiki kadhaa eneo lililokuwa mbele yake, mkono wake uliinua kipima tetemeko, kifaa kilichotengenezwa chini ya uongozi wa Ufaransa, ukakiweka taratibu juu ya udongo tarehe 19 Desemba. Kisha, mwezi Februari uliofuata, mkono huohuo ukakifunika kwa kifuniko kikubwa chenye sketi ya minyororo midogo inayolala juu ya ardhi, ili upepo na mabadiliko makali ya joto la mchana na usiku visikisumbue. Subira hiyo yote ilikuwa kwa ajili ya kupata utulivu ambao ungewezesha kifaa kuhisi mwendo mdogo kuliko upana wa atomi.

Ndiyo, Mirihi inatetemeka. Kufikia Desemba 2022, vumbi lilipokuwa limefunika mabamba ya jua na chombo kikazimika, zaidi ya matetemeko 1,300 yalikuwa yamerekodiwa. Kubwa kuliko yote, la tarehe 4 Mei 2022, lilikuwa na ukubwa wa 4.7, ambao hapa kwetu ungeamsha watu lakini usingeshangaza wazee. Mengi kati ya yale yaliyojulikana mahali yalipotoka yalitokea katika nyufa ndefu za Cerberus Fossae, eneo ambalo kijiolojia lilitoa lava hivi karibuni.

Sasa faida yake. Mawimbi ya tetemeko yako ya aina kuu mbili: moja husukuma na kuvuta ardhi kuelekea upande linakokwenda, na jingine huitikisa kwa upande. Hili la pili haliwezi kupita katika kimiminika. Mawimbi yakipita ndani ya sayari hubadili mwendo kila yanapokutana na mwamba wa aina nyingine, na mengine huruka na kurudi juu. Mtu akipima yalivyochelewa, anaweza kujua unene wa tabaka asizoweza kuziona. Kwa njia hiyo tulifahamu kwamba ganda la Mirihi kwa wastani lina unene wa kati ya kilomita 24 na 72, na kwamba katikati yake kuna kiini kikubwa cha chuma kilichoyeyuka, kilichochanganyika na elementi nyepesi. Hesabu za mwaka 2021 zilikipa kiini hicho nusu kipenyo cha kilomita 1,830 hivi. Mwaka 2023 timu mbili zilionyesha kwamba juu ya kiini kuna tabaka la mwamba ulioyeyuka, hivyo kiini chenyewe ni kidogo zaidi, karibu kilomita 1,650 hadi 1,675. Ukitaka kuelewa kwa nini Mirihi ilipoteza uga wake wa sumaku, na baadaye sehemu kubwa ya hewa na maji yake, huwezi kuepuka swali la kiini, na kabla ya kifaa kile kuwekwa kwenye udongo tulikuwa tukikisia.

Kuna tukio moja linaloonyesha jinsi chombo kilichotua na kile kinachozunguka vinavyohitajiana. Tarehe 24 Desemba 2021 InSight ilihisi tetemeko la ukubwa wa takriban 4. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha shimo jipya lenye upana wa mita 150 hivi, lililochimbwa na kimondo siku hiyohiyo, na pembezoni mwake kulikuwa na vipande vyeupe vya barafu vilivyorushwa kutoka chini ya ardhi. Kwa kuwa mahali na saa ya pigo vilijulikana kwa usahihi, mawimbi yake yakawa kipimo cha kusahihishia mengine yote.

Sitaki udhani kwamba kila kitu kilifaulu. InSight ilikuwa na kifaa kingine, cha Ujerumani, kilichopaswa kujichimbia hadi mita 5 ili kupima joto linalotoka ndani ya sayari. Udongo wa pale ulikuwa wa aina isiyokishika vizuri, kikawa kinarukaruka mahali pamoja, na mwezi Januari 2021 kazi hiyo iliachwa. Naliona hilo kuwa hasara kubwa, kwa sababu joto hilo ndilo linaloendesha volkeno, na hakuna njia ya kulipima vizuri bila kuchimba. Pia kipima tetemeko kilikuwa kimoja tu kwa sayari nzima. Kituo chetu cha uchunguzi wa volkeno, OVG, kinahitaji vituo vingi kuuzunguka mlima mmoja, kwa hiyo unaweza kufikiri ni mangapi ya Mirihi ambayo bado hatujayasikia.

Mimi ni mama wa familia, mkazi wa Mugunga, ambako watoto hufundishwa mapema kukwepa mabonde yenye mazuku. Mwanangu anasema sayari ya Zuhura imejaa hewa hiyohiyo. Je, ni kweli, na kuna kitu kilichowahi kutua huko? — Mama, Mugunga

Mama, mwanao amesema kweli. Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na kuua mbuzi, mbwa na hata watu. Angahewa ya Zuhura ni hewa hiyo kwa zaidi ya asilimia 96. Ni nzito kiasi kwamba kanieneo juu ya ardhi yake ni karibu mara 90 ya ile ya hapa Duniani. Hata kwenye sakafu ya Ziwa Kivu, karibu mita 480 chini, kanieneo hufika takriban nusu tu ya hiyo. Joto lake ni nyuzi 460 hivi za Selsiasi, usiku na mchana.

Hata hivyo vyombo vilitua. Umoja wa Kisovyeti uliteremsha Venera 7 tarehe 15 Desemba 1970, ikawa ya kwanza kutuma habari kutoka juu ya ardhi ya sayari nyingine. Venera 13, iliyotua tarehe 1 Machi 1982, ilitengenezwa iweze kudumu dakika 32, ikadumu 127. Katika muda huo ilipiga picha za rangi, ikachimba kipande cha mwamba, ikakiingiza ndani ya chumba chenye ubaridi na kukipima kwa miale ya eksirei.

Wasomaji wa Goma wazingatie matokeo yake. Mwamba ule ulikuwa basalti yenye potasiamu nyingi, na wanajiolojia waliufananisha na lava zenye madini ya lusiti. Lava za namna hiyo si nyingi Duniani, lakini milima ya Virunga ni mojawapo ya mahali zinapojulikana sana. Venera 14, iliyotua siku nne baadaye, ilikuta basalti ya aina nyingine, inayofanana na ile ya sakafu ya bahari zetu. Kipimo cha mwaka 1982 ni cha zamani na si sahihi kama cha maabara ya leo, na hakuna chombo kilichotua Zuhura kufanya kazi kama hiyo tangu katikati ya miaka ya 1980. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa katika mipango ya mataifa yenye uwezo. Tuna sayari jirani, yenye ukubwa karibu sawa na wa Dunia, ambayo huenda iliwahi kuwa na hali nafuu, na mwamba wake tumeugusa kwa dakika chache tu.

Sisi ni klabu ya sayansi ya vijana, Ibanda, Bukavu. Tunabishana: je, roboti zimepata uhai Mirihi au hazijapata? Wengine wetu wamesoma kwamba ulipatikana mwaka 1976 ukafichwa.

Haukufichwa, ulijadiliwa hadharani, na mjadala wenyewe ni somo zuri. Viking zilikuwa na jaribio moja lililomwagia udongo chakula chenye kaboni ya kinururishi, na gesi ikatoka kana kwamba kitu fulani kinakula. Lakini kifaa kingine kilichopasha udongo huohuo joto ili kutafuta molekuli za kaboni, ambazo kila kiumbe kinazo, hakikuona cha maana. Wengi wakahitimisha kwamba kemia ya udongo ndiyo iliyodanganya. Mwaka 2008 chombo Phoenix, kilichotua karibu na ncha ya kaskazini, kiligundua perklorati, chumvi ambayo ikipashwa joto huunguza molekuli za kaboni. Maana yake ni kwamba kifaa cha mwaka 1976 huenda kiliharibu kilichokuwa kikikitafuta. Kutua kwa mara ya pili kulieleza kutua kwa mara ya kwanza, na ndiyo sababu siafikiani na wanaosema kwamba mahali pakishatembelewa inatosha.

Baadaye Curiosity ilipata molekuli za kaboni ndani ya mwamba wa tope wenye umri wa takriban miaka bilioni 3. Mwaka 2024 roboti Perseverance ilikuta mwamba ulioitwa Cheyava Falls, wenye kaboni na madoa yaliyozungukwa na ukingo mweusi, na ndani ya madoa hayo kuna madini ya chuma yenye fosfati na salfa. Duniani madini hayo mara nyingi huhusiana na vijidudu, lakini yanaweza pia kutokea bila kiumbe chochote. Waliochapisha matokeo hayo mwaka 2025 wameyaita dalili inayowezekana, na nawaomba nanyi mtumie maneno hayohayo katika mabishano yenu.

Kumbukeni pia kwamba vyombo hivi husafishwa kwa ukali kabla ya kurushwa. Viking zilipashwa joto katika tanuri kwa muda mrefu ili kuua vijidudu, kwa sababu roboti inayobeba bakteria wa kwetu inaweza kuja kugundua bakteria hao hao na kuvuruga utafiti wote.

Nafanya kazi katika maabara ya kuchambua madini hapa Lubumbashi. Sisi tukipata kipande cha mwamba tunakisaga, tunakiyeyusha, tunakipima kwa mashine kubwa kuliko roboti yoyote. Kwa nini wasilete mawe hapa badala ya kuyapimia kule? — Fundi wa maabara, Lubumbashi

Bwana Fundi, una haki kabisa. Chombo cha kilo 899 kama Curiosity kinabeba maabara ndogo sana, isiyoweza kurekebishwa, inayotumia umeme wa kubana. Kipande kikiletwa hapa, kinaweza kupimwa kwa mashine ambazo hazijavumbuliwa bado. Mawe ya Apollo yangali yanatoa matokeo mapya zaidi ya miaka 50 tangu yaokotwe. Tena wewe unajua kuliko wengi kwamba kipande kisichojulikana kimetoka wapi kina thamani ndogo. Vimondo vya Mirihi tunavyo, lakini hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kila kimoja kilitoka kwenye tabaka gani la mlima gani. Kazi ya roboti ni hiyo hasa: kuchagua, kuandika mahali, na kutoboa pale panapostahili.

Perseverance imekuwa ikifanya hivyo tangu ilipotua tarehe 18 Februari 2021 katika bonde la Jezero, ambako zamani mto uliingia ziwani. Imetoboa miamba na kufunga vipande vyake ndani ya mirija ya chuma, na 10 kati ya hiyo iliwekwa chini kama akiba, kazi iliyokamilika Januari 2023. Kipande cha Cheyava Falls kimo katika mmoja wa mirija ambayo roboti bado inayo. Tatizo ni kwamba mpango wa Marekani na Ulaya wa kwenda kuichukua umekwamishwa na gharama, na hakuna chombo kilichotumwa kwa kazi hiyo. China imetangaza mpango wake, Tianwen-3, unaolenga kurushwa karibu na mwaka 2028. Kuyaacha mawe yaliyochaguliwa kwa uangalifu namna hiyo yakae kwenye vumbi ni jambo linaloniuma.

Kwa nini wasitume watu? Mtu mmoja mwenye nyundo angefanya kwa siku moja kazi ya roboti ya mwaka mzima. — Msomaji, Birere

Ni kweli kwamba mtu angefanya kazi haraka. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, hivyo roboti huenda polepole. Lakini Opportunity, iliyokusudiwa kufanya kazi siku 90, ilidumu hadi Juni 2018 na kutembea zaidi ya kilomita 45, bila chakula, bila hewa na bila safari ya kurudi. Mtu hawezi kupashwa joto tanurini kama Viking. Akishuka, anashuka na vijidudu vyake. Kwa sasa napendelea roboti zitangulie.

Na sisi wa Kongo tunafaidika vipi? — Swali hili limo katika barua nyingi.

Data za InSight, picha za Curiosity na Perseverance, na vipimo vya kemia huwekwa wazi kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi au wa Goma mwenye kompyuta na muunganisho wa kuaminika anaweza kupakua rekodi ya tetemeko la tarehe 4 Mei 2022 na kuilinganisha na mitetemo ya volkeno yetu ya Nyamulagira. Hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. Kinachokosekana ni umeme wa uhakika, mwalimu wa kumwongoza, na imani kwamba kazi hiyo ni yake pia. Ningefurahi sana kupokea barua kutoka kwa yeyote ambaye ameanza.

Je, kuna sayari ya miamba ambayo haijatuliwa kabisa? — Mwanafunzi wa shule ya msingi, Majengo, Goma

Ipo, mwanangu, nayo ni Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua. Chombo cha Marekani, MESSENGER, kiliizunguka kwa miaka minne na kuigonga tarehe 30 Aprili 2015 mafuta yalipokwisha, lakini kugonga si kutua. BepiColombo, iliyorushwa na Ulaya na Japani mwezi Oktoba 2018, imetengenezwa kuizunguka tu. Kutua huko ni kugumu kwa sababu mvutano wa Jua huongeza kasi ya chombo, na sayari yenyewe haina angahewa ya kukipunguzia mwendo kwa parachuti. Kila kitu lazima kifanywe kwa mafuta, na mafuta ni mazito. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 400, na usiku linashuka chini ya 170 hasi.

Utaridi ina kiini cha chuma kikubwa ajabu: katika nusu kipenyo cha kilomita 2,440, kiini kinachukua takriban 2,000. Hatujui kwa uhakika ganda lake la mwamba lilikwenda wapi, kama lilipigwa na kurushwa angani au halikuwahi kuwa nene. Chombo cha kwanza kitakachotua huko, kikiniuliza kibebe nini, nitasema kibebe kipima tetemeko na kukiweka juu ya ardhi, mbali na miguu yake, kisha kichimbe mwamba mmoja na kuupima umri.